Zaumu si kuropoka, jamani

Juzi tena. Nimemaliza kusoma mbele ya watu mistari mitano ya Kruchenykh, mshairi wa Kirusi aliyeandika kwa zaumu, yaani lugha ya ng'ambo ya akili, mkono ukanyooshwa kule nyuma: "Kwa hiyo jamaa aliropoka tu. Hata mwanangu wa miaka mitatu anaweza."

Haya. Shairi lilitoka Januari 1913, Moscow, katika kijitabu kiitwacho Pomada:

dyr bul shchyl
ubeshshchur
skum
vy so bu
r l ez

Limekwisha. Watu hulirukia hilo, hawasomi maneno aliyoyatanguliza: kwamba ameandika kwa lugha yake mwenyewe, ambayo maneno yake hayana maana maalumu. Maalumu! Hakusema hayana maana. Ukisema "meza" umeshafunga mlango. "Shchyl" ameuacha wazi, na wazi si tupu. Mrusi akisikia "dyr" anagusa "dyra", tundu. "Bul" inamkaribisha kwenye "bul-bul", maji yanavyogugumia. Halafu ndiyo inakuja "shchyl". Sarufi ya Kirusi inakataza irabu ы (hapo juu ni "y") kuandikwa baada ya щ (hapo juu ni "shch"). Huandikwa и ("i"), basi, na kila mwanafunzi analijua hilo. Kruchenykh kaipachika ы palepale. Ukiliandika shairi kwa herufi zetu, kama nilivyofanya hapo juu, kosa halionekani, na utamu wote umekwenda. Kanuni huivunji kama huna. Huyo wa miaka mitatu hana.

(Na msiniletee Dada, ule mkondo wa sanaa ulioanzia Zurich. Zurich ni 1916. Hesabuni.)

Khlebnikov, mshairi mwenzake wa Kirusi, ni mwingine kabisa, ingawa jina "zaumu" huwafunika wote wawili. Shairi lake la kicheko, la 1910, ni mzizi mmoja unaovishwa viambishi mpaka uchoke. Sisi wenye mnyambuliko tunamwelewa upesi: cheka, chekea, chekesha, chekelea, mchekeshaji, kisha unavuka mpaka wa kamusi, kichekevu, uchekeleo, na hakuna aliyepotea njia.

Baadaye alidai kila konsonanti ina maana yake. "Kh", alisema, ni kinga: khata, khizhina, khalupa, vyote vibanda na nyumba. Inapendeza, mpaka ukumbuke "kholod", baridi, ambayo ndiyo inayokukimbiza ndani ya hicho kibanda. Nimeshafundisha nadharia hiyo kwa uso mkavu kabisa, na nilikuwa siiamini.

Kruchenykh naye alidai mistari yake mitano ina Urusi nyingi kuliko mashairi yote ya Pushkin, mshairi mkuu wa Urusi. Kuna siku naona alimaanisha. Siku nyingine naona mtu anauza kijitabu.

Kulitafsiri nimejaribu mara nyingi. Kunakili sauti ni bure. Inatakiwa kanuni yetu wenyewe ivunjwe, ya kumuudhi mwalimu wa darasa la nne. Jaribio la mwisho nilirundika viambishi vitatu vya ngeli juu ya mzizi usiokuwepo, nikapata "kiwamidu". Nikafurahi, nikalituma.

Mhariri akalisahihisha kuwa "kiwanda".