Dungusi Hunywa Maji, Tena Mengi

Nimeulizwa tena swali lilelile: dungusi lipewe vijiko vingapi vya maji? Muulizaji ana Echinocactus grusonii, lile la mviringo lenye miiba ya manjano, naye hulimwagia vijiko viwili kila wiki kwa kuwa aliambiwa kwamba mmea wa jangwani hautaki maji. Vijiko ni vya chai na dawa. Naomba tuviache huko.

Kustahimili ukame si kuchukia maji. Katika makazi yake ya asili nchini Meksiko, kwenye majimbo ya Querétaro na Hidalgo, mmea huu hunyeshewa kwa msimu, hujaza shina, kisha hustahimili miezi mingi ya ukavu. Mbavu zake, yaani matuta yaliyosimama kulizunguka shina, ambayo katika mmea uliokomaa huzidi 20, hutanuka na kujikunja kama kinanda cha kodiani bila ngozi kupasuka. Udongo ukikauka kabisa, vijizizi vyembamba hufa. Ukilowa vizuri, vingine huchipuka upesi. Sasa vijiko viwili hulowesha tabaka la juu tu, nalo hukauka kabla maji hayajafika chini, kwa hiyo mmea hukaa na kiu huku mwenyewe akijisifu kuwa ameumwagilia.

Jambo linaloniudhi zaidi ni hoja kwamba maji mengi ndiyo huozesha. Kinachoozesha ni mizizi kukaa muda mrefu kwenye unyevu usio na hewa, hasa wakati wa baridi, na ndiyo maana maji yaleyale huua dungusi lililopandwa kwenye mboji tupu na kulinenepesha lililopandwa kwenye changarawe na pumisi (mawe mepesi ya volkano yenye vitundu) zilizochanganywa na udongo kidogo. Mwagilia mpaka maji yatoke kwenye matundu ya chungu, umwage yaliyotuama kwenye kisahani, kisha usiguse tena mpaka kijiti ulichochomeka hadi chini kitoke kikavu. Hali ya joto ikishuka chini ya nyuzi 10, acha kabisa. Kuhusu mwanga, jua kali linafaa, lakini lizoeze dungusi kidogo kidogo, kwani lililotoka kivulini huungua, na kovu halifutiki.

Kabla ya yote hayo, hakikisha ulicho nacho ni dungusi. Wapo wanaochoma shina na kutangaza kwamba likitoa utomvu mweupe ni Euphorbia, mimea ya ukoo mwingine ambayo baadhi yake hufanana na dungusi. Kipimo hicho hakitoshi, maana baadhi ya Mammillaria, ambazo ni dungusi kweli, nazo hutoa utomvu mweupe, na ule wa Euphorbia ukikuingia jichoni utajuta. Tazama areoli: kila fungu la miiba ya dungusi huota kwenye kituta kidogo chenye sufi, jambo ambalo hulioni kwa Euphorbia. Ukishaiona, tazama utosi. Grusonii iliyokomaa ina sufi nzito ya manjano utosini, na miiba yake imenyooka au imepinda kidogo tu. Ukikuta mwiba wa kati uliojikunja kama ndoana, fikiria Ferocactus, jenasi nyingine ya dungusi. Mche mchanga hauna mbavu bali vinundu, na hapo hata mimi huandika jina kwa alama ya kuuliza. Mwaka 2014 Joël Lodé aliihamishia spishi hii kwenye jenasi ya Kroenleinia. Lebo zangu bado zina jina la zamani, na sina haraka.

Kuna shaka moja ambayo vitabu huipita kimyakimya. Dungusi lenye kiu husinyaa, na lililooza mizizi husinyaa vilevile, kwa sababu yote mawili hayapati maji. Kwa kutazama nje tu siwezi kuyatofautisha kwa uhakika. Likishamwagiliwa vizuri na siku kadhaa zikapita bila kujaa, ling'oe. Mizizi mizima ni migumu na hung'ang'ania udongo. Iliyooza ina rangi ya kahawia iliyokolea, na ganda lake huvuliwa kwa vidole. Kata mpaka ufikie nyama safi isiyo na doa, uache kidonda kikauke kivulini kwa wiki mbili au zaidi, ndipo ulipande upya kwenye changarawe kavu.