Saa nane ya nani?

Kikao cha chama cha shangazi yangu pale mtaani Umoja kilikuwa saa nane mchana. Programu niliyowaandikia ikatuma ukumbusho saa moja asubuhi: "Imebaki saa moja." Wanachama wawili wakafunga vibanda na kuja kungoja nje ya lango. Mmoja anauza mboga, na asubuhi ndipo wateja wake wanapopita. Hasara ile niliisababisha mimi. Nilipokea 8 nikaihifadhi kama 8:00, yaani saa mbili asubuhi, badala ya 14:00.

Tangu siku hiyo siandiki mstari hata mmoja wa Python, lugha ninayoandikia programu, kabla sijakaa na watakaoitumia programu, na kuandika daftarini maneno yao jinsi wanavyoyasema. Kila neno linageuka jaribio, na msimbo unakuja baadaye.

Kwa saa za mchana hesabu ni nyepesi: unaongeza 6. Usiku unaongeza 18, na ukifika 24 unaiondoa. Saa mbili usiku inakuwa 20:00, saa nane usiku 2:00. Ila asubuhi ina mtego wake, kwa sababu saa moja ni 7:00 lakini saa kumi na mbili ni 6:00, si 18:00.

Kilichonikesha ni "Jumamosi saa sita kasorobo usiku". Programu ilisoma saa sita usiku kama 0:00 ya Jumamosi, ikaondoa dakika 15, ikaangukia 23:45 ya Ijumaa. Siku nzima imepotea kwa robo saa! Tena kuna wazee ambao kwao siku mpya huingia jua likizama, hivyo usiku wa Jumamosi wao si wangu. Sikutaka kubahatisha. Sasa programu inauliza, "Ni usiku wa kuamkia Jumapili?" na kungoja jibu.

Ugeuzaji wote huu unafanyika mahali pamoja tu, pale ujumbe unapoingia. Huko ndani kila kitu ni kwa mfumo wa saa 24. Nimeona programu zinazoongeza sita hapa na kupunguza sita kule. Kosa likitokea, hujui uanzie wapi.

Wengi wao wanatumia kabambe, zile simu ndogo za vitufe, kwa hiyo kila kitu kinapita kwa SMS. Ujumbe mmoja unabeba herufi 160, na Kiswahili kinatosha humo vizuri. Lakini wiki moja gharama ilipanda maradufu. Nilikuwa nimenakili neno "ng'ombe" kutoka kwenye waraka uliotumia kiritifaa kilichopinda (’) badala ya kilichonyooka ('). Alama hiyo haimo katika herufi za kawaida za SMS, na ikiwemo moja tu, nafasi inashuka hadi herufi 70. Ujumbe wangu wa herufi 120 ukawa unalipiwa kama jumbe mbili. Siku hizi kila kiritifaa kinanyooshwa kabla ya kutumwa.

Shangazi bado ananiletea maneno mapya. La juzi lilikuwa "tukitoka kanisani". Hilo nimeliandika daftarini, na kwa sasa programu inamjibu: "Shangazi, mnatoka saa ngapi?"