Je, wajua kwa nini kikwapa huzidi mtu anapoacha dawa ya kuzuia jasho?

Joto la Oktoba na Novemba linapoishika Dodoma, kabla mvua za Desemba hazijaanza, mazungumzo ya jasho hurudi maofisini, vyuoni na ndani ya daladala. Wapo walioacha dawa za kuzuia jasho zenye chumvi za alumini, zile za chupa yenye gololi mdomoni, wakahamia kwenye vikopo vya mchanganyiko wa mafuta ya nazi, nta ya nyuki, wanga wa muhogo na soda ya kuokea. Siku chache baadaye wanalalamika kwamba kikwapa kimekuwa kikali kuliko walivyowahi kukijua. Jibu wanalopewa mara nyingi ni moja: vumilia, hizo ni sumu zilizozibiwa mwilini kwa miaka mingi, sasa zimepata njia ya kutoka. Wengine huongezewa ushauri wa kupaka udongo au unga wa mkaa ili sumu zivutwe upesi.

Maelezo hayo yanafariji, kwa sababu yanaigeuza harufu kuwa dalili ya uponyaji, lakini hayalingani na jinsi mwili unavyofanya kazi. Kazi ya kuondoa sumu ni ya ini na figo. Jasho ni maji yenye chumvi, pamoja na chembechembe ndogo mno za vitu vingine, na kazi yake kubwa ni kuupoza mwili. Nyuma ya tundu la jasho lililozibwa hakuna ghala linalojaa mwaka hadi mwaka likisubiri kufunguliwa. Shinikizo ndani ya kijia cha jasho likipanda, tezi hupunguza kazi au kusimama. Isitoshe, mtu ana tezi za jasho kati ya milioni 2 na milioni 4 zilizotapakaa mwili mzima, na za kwapani ni sehemu ndogo tu ya hizo. Mwenye kupaka dawa kwapani huku akitembea kutoka Majengo hadi Sabasaba saa nane mchana anaendelea kutoka jasho mgongoni, kifuani na usoni kama kawaida.

Kuna hoja nyingine iliyo nzito zaidi. Kama harufu ingekuwa ni ya sumu zinazotoka, jasho lingenuka pale pale linapotoka. Halinuki. Jasho bichi la kwapani karibu halina harufu yoyote, hata kwa mtu ambaye saa mbili baadaye atakuwa na kikwapa kikali. Kitu kinachonuka hutengenezwa juu ya ngozi, baada ya jasho kutoka. Ukilielewa hilo, habari ya sumu inakosa pa kushika.

Hofu ya saratani ya matiti, ambayo huwasukuma wengi kuhama, imesimama juu ya dhana hiyo hiyo kwamba matezi ya limfu ya kwapani hujisafisha kupitia jasho. Hayafanyi hivyo, kwani limfu, yaani majimaji yanayopita kwenye matezi hayo, hurudi kwenye mzunguko wa damu. Shirika la Saratani la Marekani linaeleza kwamba hakuna uhusiano ulio wazi uliothibitishwa kati ya dawa hizi na saratani hiyo. Utafiti mmoja wa mwaka 2001 ulikuta kwamba alumini iliyopenya ngozi ya kwapa ilikuwa asilimia 0.012 ya ile iliyopakwa. Ni kiasi kidogo sana, ingawa ni haki kusema kwamba waliopimwa walikuwa watu 2 tu.

Bidhaa zenyewe ni za aina mbili, na tofauti yake ni ya muhimu. Dawa ya kuondoa harufu, ambayo ya kwanza kusajiliwa kibiashara iliitwa Mum na ilitoka Marekani mwaka 1888, hushughulika na bakteria au huifunika harufu kwa manukato. Dawa ya kuzuia jasho, iliyoanza na Everdry mwaka 1903, huliziba jasho lenyewe, na ndiyo sababu sheria za Marekani huihesabu kuwa dawa na si kipodozi. Anayetoka kwenye alumini kwenda kwenye kikopo cha nazi na nta hajabadilisha chapa tu. Ameacha kuziba jasho, na ulowevu utarudi hata mchanganyiko wake uwe mzuri namna gani.

Namna alumini inavyoziba inaweza kuonekana kwa macho nyumbani. Katika vijiji vingi ambako maji huchotwa lamboni yakiwa na rangi ya matope, watu huyasafisha kwa shabu. Kipande hicho cheupe, chenye kung'aa kama barafu, kikizungushwa ndani ya ndoo, kwa muda mfupi maji huonekana kama hayajabadilika. Kisha vumbi la udongo huanza kushikana kuwa vipande vyepesi kama usufi, vipande hivyo hukutana na vingine, huwa vizito, na hatimaye hutuama chini. Shabu ni chumvi ya alumini. Ikiyeyuka majini hutengeneza utelezi unaozikusanya chembe zilizokuwa zikielea kila moja peke yake. Chumvi za alumini za kwenye chupa ya gololi hufanya jambo lilo hilo mlangoni mwa kijia cha jasho: zikikutana na jasho ambalo ukali wake wa asidi ni mdogo kuliko wa dawa, huganda kuwa utelezi mzito, hukusanya protini za jasho, na hutengeneza kizibo kidogo karibu na uso wa ngozi. Kwa hiyo dawa hii hufanya kazi vizuri zaidi ikipakwa usiku kwenye kwapa kavu, wakati jasho ni kidogo na haliwezi kuisukuma nje kabla haijaganda. Kizibo hicho hakidumu. Ngozi hujivua tabaka la juu kila siku, na baada ya siku kadhaa bila kupaka, njia huwa wazi tena.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Shabu hiyo hiyo huuzwa kama kipande cha kupaka kwapani, ikisifiwa kuwa ya asili na isiyo na alumini. Ni ya asili kweli, na ni alumini vilevile. Huzuia jasho kwa nguvu ndogo kuliko dawa za viwandani, lakini huwadhoofisha bakteria, na huenda hiyo ndiyo sababu imependwa kwa vizazi vingi.

Njia za jasho zikifunguka, wenyeji wa kwapa, yaani bakteria, huanza kupata maji na chakula ambavyo walikuwa wamenyimwa. Kwapa linalotoka kwenye alumini ni kama shamba la Dodoma mwishoni mwa kiangazi: linaonekana tupu, lakini mvua ya kwanza ya Desemba ikinyesha, mimea inayotangulia kufunika udongo si lazima iwe ile iliyokuwa imetawala kabla ya ukame. Utafiti ulioongozwa na Julie Horvath huko North Carolina, uliochapishwa mwaka 2016, uliwafuatilia watu 17 kwa siku ambazo hawakupaka chochote, wakiwemo wasio na mazoea ya kupaka kitu. Waliokuwa wakizuia jasho walianza na bakteria wachache; ndani ya siku chache idadi ikapanda hadi kukaribia ile ya wenzao. Hata hivyo, kwao walitawala bakteria wa jamii ya Staphylococcus, ilhali kwa wale ambao hawakuwa na mazoea ya kupaka kitu walitawala Corynebacterium. Watu 17 ni wachache, na siku walizofuatiliwa hazikutimia wiki mbili, kwa hiyo utafiti huo hautoi tarehe ya kwapa kutulia. Ahadi kwamba kwapa litatulia baada ya “wiki nne kamili” hazitoki humo.

Bakteria hao huvunja vitu visivyo na harufu vilivyomo katika jasho la tezi maalumu za kwapani, ambazo huamka wakati wa balehe. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walieleza kimeng'enya ambacho Staphylococcus hominis hukitumia kutengeneza misombo ya salfa ambayo pua huinasa hata ikiwa kidogo mno. La kushangaza ni kwamba jeni moja, ABCC11, huamua kama tezi hizo zitatoa malighafi hiyo au la, na jeni hiyo hiyo huamua kama nta ya masikio itakuwa ya majimaji au kavu. Watu wengi wa Korea na Japani wana aina isiyotoa harufu, ilhali karibu Waafrika wote wana aina inayotoa. Sifa za bidhaa fulani kutoka kwa mtumiaji wa Seoul zisichukuliwe kuwa ahadi kwa mkazi wa Ipagala, Dodoma.

Hewa kavu ya Dodoma hulikausha jasho upesi, na hivyo nguo hulowa kidogo kuliko ingekuwa Dar es Salaam. Harufu lakini hubaki kwenye nywele za kwapa na kwenye kitambaa, hasa poliesta, ambayo hushika harufu kuliko pamba. Siku ambazo maji ya bomba ni ya mgawo, kuosha kwapa kwa sabuni na kikombe kimoja cha maji, kisha kulikausha vizuri, kunasaidia kuliko kuongeza tabaka la pili la mchanganyiko juu ya la asubuhi.

Soda ya kuokea hupunguza harufu kwa wengi, lakini ngozi yenye afya ina asidi kidogo, na soda huigeuza. Anayeanza kuwashwa na kuwa mwekundu apunguze au aache, wala asiambiwe kwamba upele ni sumu inayotoka. Magadi ni makali zaidi na hayafai kuchukua nafasi yake. Ndimu ina asidi kali, na maji yake yakibaki kwenye ngozi inayopigwa na jua huweza kuiunguza hadi ikatoka malengelenge. Mafuta ya nazi nayo huyeyuka kwenye nyuzi joto 24 hivi, kwa hiyo kikopo kilichokuwa kigumu asubuhi ya Julai kitakuwa majimaji mchana wa Novemba, na nta zaidi ndiyo hukishikilia. Mwenye ugonjwa wa figo amwulize daktari kabla ya kutumia dawa yenye alumini, shabu ikiwemo.