Je, wajua kwa nini wimbo unaopendwa na wote huweza kukishinda kikundi?

Kila tunapoanza msimu mpya wa mazoezi, kikundi chetu cha muziki cha mtaani hapa Ujiji hukaa kikao cha kuchagua nyimbo, na karibu kila mara jambo lile lile hujirudia: wimbo ulioshangiliwa na watu wote siku ya kikao ndio unaotushinda kabla ya mwezi kwisha. Wanakikundi ni watu wa shughuli zao. Wamo wauza dagaa, fundi wa mitumbwi, walimu wawili, wanafunzi wa sekondari na wazee waliokulia kwenye kwaya. Wamo Waha, Wamanyema, Wabembe na wenye asili ya Burundi. Kwa kuwa tulikubaliana tangu mwanzo kupiga muziki wa mataifa mbalimbali, uwanja wa kuchagua ni mpana mno, na swali la kwa nini wimbo fulani unafaa na mwingine haufai limetusumbua miaka mingi.

Sababu kubwa kuliko zote ni jinsi wimbo wenyewe ulivyojengwa. Nyimbo nyingi tunazozipenda redioni humtegemea mwimbaji mmoja hodari na gitaa moja la solo, na waliobaki huitikia. Wimbo wa namna hiyo ukiletwa mbele ya watu ishirini na watano, watatu watafanya kazi yote na ishirini na wawili watasimama wakisubiri kiitikio, na wanaosimama muda mrefu hawarudi juma linalofuata. Muziki unaokifaa kikundi cha watu wa viwango tofauti ni ule uliofumwa kwa vipande vifupi vingi, kila kimoja chepesi kikiwa peke yake, lakini vikipigwa pamoja vinatoa kitu ambacho hakuna mpigaji mmoja angeweza kukitoa.

Marimba za Zimbabwe ni mfano mzuri wa ufumaji huo. Karibu na mwaka 1960, chuo cha Kwanongoma mjini Bulawayo kilianza kutengeneza marimba za kufundishia, za ukubwa tofauti kuanzia soprano hadi besi, ili wanafunzi wengi wapige pamoja. Mwaka 1968 Dumisani Maraire, aliyesoma katika chuo hicho, alikwenda kufundisha katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, na kutokana na kazi yake vikazaliwa vikundi vingi vya marimba vya watu wa kawaida katika majimbo ya magharibi ya Marekani. Gamelan ya Java, yaani kundi la gongo na ala za shaba la huko Indonesia, nayo imejengwa kwa hekima hiyo hiyo: wapigaji wa saron, ala ya vibao vya shaba, hushika mwendo wa msingi, wa bonang, safu ya gongo ndogo, huupamba kwa upigaji mgumu zaidi, na mpiga gongo kubwa hulipiga mara chache tu, ingawa akikosea kila mmoja anasikia. Aliyejiunga jana na aliyepiga miaka kumi hukaa safu moja, na wote wanahitajika.

Kwa upande wetu, kilichotufungulia njia ni rumba, na historia yake inaeleza kwa nini. Watu waliochukuliwa utumwani kutoka eneo la Kongo walifika Kuba na muziki wao; kuanzia mwaka 1933 santuri za Kikuba za mfululizo uliojulikana kwa herufi GV zikauzwa Afrika, na wanamuziki wa Kongo wakaupokea muziki ule kama mtu anayepokea barua kutoka kwa ndugu aliyepotea. UNESCO iliiweka rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2021. Sisi tunaoishi ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, na Kongo ng'ambo ya pili, tumekua nayo masikioni.

Chini ya muziki huo wa Kuba upo mdundo unaoitwa klave. Hesabu moja hadi kumi na sita kwa mwendo ulio sawa, kisha piga kofi kwenye 1, 4, 7, 11 na 13 tu, na urudie bila kusimama. Mapigo ni matano, lakini matatu ya kwanza yanavuta upande mmoja na mawili ya mwisho yanavuta mwingine, na hapo ndipo mwili unapotaka kucheza. Mama mmoja anayeuza dagaa, ambaye alisema siku ya kwanza kwamba hajui kupiga chochote, alipewa vijiti viwili na kazi hiyo moja. Siku tatu za mwanzo alihesabu kwa midomo, macho yameganda sakafuni. Siku ya nne alikuwa anamjibu jirani yake habari za bei ya mafuta ya mawese huku mikono ikiendelea bila kukosea hata pigo moja, na mpiga besi akawa anamsikiliza yeye badala ya kumtazama kiongozi. Wimbo unaompa mtu kama huyo nafasi ya kweli hautupwi.

Sababu nyingine imo katika sauti zenyewe. Tulipotaka kupiga taarabu ya Zanzibar tulianza na kinanda, kwa kuwa ndicho tulichokuwa nacho, na muda wote wimbo ulisikika kama umekaushwa. Taarabu hutumia makamu, yaani ngazi za sauti, za Kiarabu, na katika makamu ya rasti sauti ya tatu hukaa kati ya mi ya kawaida na mi iliyoshushwa, mahali ambapo kinanda chetu hakina kitufe. Kidole cha mpiga fidla kinaweza kupatafuta mahali hapo, na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, ina vishikio vidogo vya kupandisha na kushusha nyuzi, lakini kinanda hakina la kufanya. Wazee wetu waliozoea kusoma nota za d, r, m nao walikuwa wanairekebisha sauti hiyo bila kujijua, kila mara wakiirudisha kwenye mi ya kanisani. Uamuzi wetu ulikuwa kukinyamazisha kinanda na kuuacha wimbo kwa fidla, ngoma na waimbaji wanne wenye masikio mazuri. Nadhani tulifanya sawa.

Maneno ya lugha ngeni yanahitaji uangalifu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1939 Solomon Linda na wenzake walirekodi mjini Johannesburg wimbo wa Kizulu unaoitwa Mbube, yaani simba. Wanamuziki wa Marekani waliousikia kwenye santuri walilisikia neno «uyimbube» kama «wimoweh», wakaliimba hivyo, na neno lisilo na maana likazunguka dunia ilhali mtunzi alikufa maskini mwaka 1962. Warithi wake walifikia mapatano ya malipo mwaka 2006. Kwa hiyo hatuchukui wimbo wa lugha ambayo hakuna hata mmoja kati yetu au jirani yetu anayeweza kutusahihisha ana kwa ana.

Lipo pia swali la nani ana haki ya kupiga nini, na swali hili lilitufikia kwa karibu. Vijana walitamani ngoma za kifalme za Burundi, zilizoingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2014, na wasichana wetu ndio walioongoza ombi hilo. Ngoma hizo zilikuwa za mfalme, zikitunzwa na koo maalumu mahali kama Gishora, na mnamo Oktoba 2017 amri ya rais wa Burundi iliwakataza wanawake kuzipiga. Amri ya nchi nyingine haitufungi hapa Kigoma, lakini wenzetu wenye asili ya huko hukaa nasi, na tuliona ni adabu kuwauliza wao kwanza. Bibi mmoja alitusikiliza hadi mwisho, kisha badala ya kutukatalia akatuimbia akazehe, salamu za kuimbwa za wanawake wa Burundi, ambazo watu wawili hupokezana kwa kasi hadi usijue sauti ipi ni ya nani. Wasichana walihamia kwake jioni ile ile, na ombi la ngoma halikurudi tena kikaoni.

Mwisho, hali ya hewa nayo ina kura yake. Masika yakiingia, ngozi za ngoma hulegea na kila baada ya nyimbo mbili lazima zipashwe moto, na palipo na paa la makuti hakuna anayetaka moto karibu. Ndiyo maana msimu huu wa mvua tumechagua rumba mbili, wimbo mmoja wa marimba za mbao, taarabu yetu isiyo na kinanda, na akazehe ambayo haihitaji ala yoyote. Nyimbo za ngoma kubwa zitangoja hadi Juni, uwanja ukikauka.