Kura haiibwi pale unapodhani

Uchaguzi ukikaribia Kenya, maneno ni yaleyale, kwenye matatu, kinyozi, hata matangani. Mengine yana chembe ya ukweli. Mengine humfaa mwizi mwenyewe.

"Kura huibwa kwenye sanduku."

Zamani, labda. Siku hizi sanduku la rais lina kifuniko cheupe na lakiri zenye nambari, kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, na kura huhesabiwa palepale zilipopigwa. Mara nyingi ni darasa la shule ya msingi, madawati yamesukumwa ukutani. Msimamizi wa kituo anainua karatasi moja, anataja jina kwa sauti, anaigeuza mawakala wa wagombea waione, anachukua nyingine. Mwenye shaka anabisha hapohapo, na wakala anaweza kudai kura zihesabiwe upya, ila si zaidi ya mara mbili. Kisha hesabu inaandikwa kwenye Fomu 34A, mawakala wanasaini na kupewa nakala, nyingine inabandikwa mlangoni.

Kuiba mbele ya macho yote hayo ni kazi ngumu. Rahisi ni njiani, hesabu ya kituo inapokwenda kuingizwa kwenye Fomu 34B ya eneo bunge, halafu 34C ya taifa. Kesi ya 2017 ilisimama hapo. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu, majaji 4 dhidi ya 2, ilifuta uchaguzi wa rais kwa sababu matokeo yalivyosafirishwa hayakueleweka. Tume ya uchaguzi, IEBC, haikuzifungua seva zake kama ilivyoagizwa, na baadhi ya fomu zilikosa alama za usalama.

"Wakala akikataa kusaini, matokeo ni batili."

Hapana. Kanuni zinasema wazi kwamba kukataa kusaini, au wakala kutokuwepo kabisa, pekee hakubatilishi matokeo. Anayekataa anatakiwa aandike sababu. Vyama hujiponza hapa: wakala anatumwa bila chai wala nauli, saa mbili usiku njaa inambana, anajiendea zake. Kesho chama kinalia kimeibiwa na hakina nakala hata moja ya 34A ya kuonyesha. Mimi ningekuwa na shilingi ya mwisho ya kampeni, ningemnunulia wakala chakula cha jioni kabla ya kuchapisha fulana nyingine.

"Tukileta mitambo, wizi utaisha."

Kifaa cha KIEMS hutambua alama za vidole na kutuma picha ya fomu. Kinamzuia marehemu kupiga kura, na hilo si dogo. Lakini mitambo ilikuwepo 2017 pia. Jipya la 2022 lilikuwa uwazi: IEBC iliweka picha za 34A, za vituo zaidi ya 46,000, kwenye tovuti yake, na yeyote mwenye simu na bando akazipakua na kujumlisha mwenyewe. Makamishna 4 kati ya 7 walipoyakana matokeo, palikuwa na kitu cha kulinganisha. Mahakama ya Juu ikayathibitisha tarehe 5 Septemba, majaji wote wakikubaliana.

"Wageni wakisema ni safi, basi ni safi."

Agosti 2017 waangalizi wa kigeni, John Kerry, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, akiwa miongoni mwa viongozi wao, walisifu uchaguzi; wiki tatu baadaye ukafutwa. Hawakudanganya. Waliona foleni na vituo, na hivyo vilikwenda vizuri. Ndani ya seva hawakuingia.

"Mahakama ikifuta uchaguzi, nchi itaungua."

Waulize Wamalawi. Katika uchaguzi wao wa Mei 2019, fomu nyingi za matokeo zilifika zimepakwa wino mweupe wa kusahihishia, tarakimu mpya juu ya za zamani. Tarehe 3 Februari 2020 majaji 5 walifika mahakamani Lilongwe wakisindikizwa na jeshi, wamevaa fulana za kuzuia risasi, wakaufuta uchaguzi huo. Pia walisema mshindi lazima apate zaidi ya nusu ya kura. Rais Peter Mutharika alikuwa ametangazwa mshindi kwa asilimia 38. Marudio ya Juni 23, katikati ya Korona na waangalizi wa kigeni wachache mno, yalimpa mpinzani wake, Lazarus Chakwera, ushindi wa wazi.

Ila kufuta peke yake si dawa. Kwenye marudio ya Kenya ya Oktoba 2017 Raila Odinga, mpinzani mkuu, alijitoa, na waliojitokeza hawakufika asilimia 40. Malawi ilirudia uchaguzi ikiwa na mwenyekiti mpya wa tume, Jaji Chifundo Kachale, aliyeteuliwa wiki chache tu kabla ya kura. Kenya iliurudia na mwenyekiti yuleyule.