Hewa haitawanyi kansa ya kongosho
Wiki hii tena, kwenye korido ya hospitali hapa Bukavu, kijana amenishika mkono: «Dokta, msimpasue papa. Hewa ikiingia tumboni, kansa itatawanyika.» Papa mwenyewe ana uvimbe wa kongosho, tezi iliyo nyuma ya mfuko wa chakula, na umebana mfereji wa nyongo: macho ni manjano kama kiini cha yai, mkojo kama chai ya rangi, mikono imejaa alama za kujikuna. Miezi miwili wamemnywesha mizizi «ya maini».

Nimechoka kusikia habari ya hewa. Jirani alipasuliwa, akafungwa, akafa baada ya miezi mitatu, basi wanasema kisu ndicho kimeua. Lakini tukifungua tumbo la namna hiyo tunakuta vidoa vyeupe vya kansa juu ya ini, vidogo kuliko punje ya mchele. Vilikuwepo kabla ya kisu, skaneri haikuviona. Katika wagonjwa 100, ni 15 hadi 20 hivi wanaofika uvimbe ungali wa kuondolewa.

Kinachoamua ni mishipa ya damu, si ukubwa wa uvimbe. Uvimbe ukigusa vena iliyo nyuma ya kongosho, mshipa unaopeleka damu kwenye ini, tunaweza kukata kipande chake na kuishona. Ukiizunguka ateri ya utumbo, mshipa unaoulisha utumbo damu, zaidi ya nusu, kwanza kemoterapi, yaani dawa za kuua kansa, na wengi hatuwafikii tena kwa kisu. Na baada ya kemoterapi skaneri inatuchanganya: kovu na kansa hai vinafanana. Kuna hata uvimbe tunaotoa, kisha maabara inasema ulikuwa mwako wa muda mrefu tu, si kansa.

Mkia wa kongosho tunautoa pamoja na wengu, chanjo zitangulie. Kichwa ni operesheni ya Whipple: kichwa chenyewe, duodeni (mwanzo wa utumbo mdogo), mfuko wa nyongo na sehemu ya mfereji wake, halafu kuunganisha mahali patatu. Mahali tunaposhona kongosho na utumbo ndipo panaponinyima usingizi. Nyama yake ikiwa laini kama siagi, uzi unaipasua, na maji yake yakivuja yanakula mishipa iliyo karibu.

Isipowezekana kuondoa, tunaunganisha mfereji wa nyongo na utumbo, na mfuko wa chakula ulioziba tunaupatia njia nyingine. Kansa inabaki. Lakini mikuno inakoma, mtu analala, anakula bugali na watoto wake.

Skaneri ya papa yule inaonyesha mafuta safi kuizunguka ateri yote, yaani uvimbe haujaigusa. Nimemwonyesha kijana picha, kidole juu ya kioo. Tunapasua Jumanne, kijana ameshaenda kumtolea papa damu.