Kuwarudishia gharama waandaaji wa kujitolea: yanayosemwa na yalivyo

Mashirika yanayofanya makongamano katika nchi nyingi huwategemea watu wa kujitolea. Huyu anakodi ukumbi, yule anachapisha mabango, mwingine anawalipa wapishi. Kazi ikiisha, risiti zinatumwa kwa mweka hazina aliyeko nchi nyingine, na hapo ndipo maneno huanza. Mengi ya maneno hayo hayana msingi.

"Si kajitolea? Basi agharimie mwenyewe."

Alichojitolea ni muda na ujuzi wake. Hela aliyompa mwenye ukumbi ni deni la shirika, isipokuwa mwenyewe atamke kwamba anachangia. Wapo wanaohofia kwamba ukimrudishia umemfanya mwajiriwa, lakini sivyo. Uingereza, sheria ya kima cha chini cha mshahara ya mwaka 1998 inaruhusu wanaojitolea katika mashirika ya hisani kurudishiwa walichotumia kweli bila kugeuka wafanyakazi. Marekani nako, marejesho hayahesabiwi kuwa kipato mradi matumizi yahusu kazi ya shirika, yathibitishwe kwa wakati (siku 60 zinakubalika) na, kama alipewa pesa mapema, chenji irudishwe (ndani ya siku 120).

Hatari iko kwenye ile bahasha ya "shika hii ya usumbufu". Kiasi cha mkupuo kisicho na hesabu ndicho kinachoweza kuitwa malipo, na kodi ikafuata. Ajabu ni kwamba ndiyo njia ambayo ofisi nyingi huiona rahisi kuliko zote.

"Bila risiti rasmi hatulipi."

Rasmi kwa kanuni za nani? China, karatasi ya kawaida ya dukani haitoshi kwa uhasibu. Inatakiwa fapiao, ankara ya kodi, na mnunuzi huiomba akitaja jina la shirika lake. Asiyeambiwa mapema hurudi na rundo la karatasi zisizomsaidia. Kwingineko, wabeba viti na fundi wa jukwaa hawana hata kitabu cha risiti. Na Marekani kwenyewe, mamlaka ya kodi haidai risiti kwa matumizi ya safari yasiyofika dola 75, ukiondoa malazi.

Mhasibu anahitaji kujua nani kalipwa, lini, kiasi gani na kwa ajili ya nini. Karatasi ya mkono yenye jina, sahihi na namba ya simu ya mpokeaji, ikiambatana na ujumbe wa muamala, inajibu yote hayo. Shirika liweke tu kikomo cha kiasi kinachokubalika kwa njia hiyo, na likitangaze kabla, si baada ya watu kutoa pesa. Risiti za mashine nazo zipigwe picha siku ile ile. Maandishi yake hutokezwa kwa joto, si kwa wino, na baada ya miezi michache unaweza kubaki na karatasi nyeupe.

"Tumetuma dola 300, kwa hiyo kapata dola 300."

Huenda hakuzipata. SWIFT, mtandao wa mawasiliano ya benki ulioanzishwa mwaka 1973, hubeba ujumbe tu. Pesa zenyewe hupitia hesabu za benki kwa benki, mara nyingi kukiwa na benki moja au mbili za njiani, na kila moja inaweza kukata chake. Tazama ile fomu ya kutuma: kuna kisanduku chenye OUR, SHA na BEN. OUR maana yake mtumaji anabeba makato yote, SHA mnagawana, BEN anabeba mpokeaji. Ofisi nyingi huacha SHA kwa mazoea. Benki ya mpokeaji nayo inabadilisha dola kwa bei yake. Mtu anaambulia pungufu, huku kwenye vitabu vya shirika ikisomeka amelipwa kamili.

Fomu zinazolazimisha IBAN, yaani namba ya kimataifa ya akaunti ya benki, ni kero nyingine. Marekani, Canada na Australia hazitumii namba hizo, kwa hiyo wa huko hawezi hata kuwasilisha dai lake.

"Bei ya kubadilisha fedha ni moja, iangalie tu kwenye intaneti."

Juni 2023 Nigeria iliiachia sarafu yake, naira, ipangiwe bei na soko, na dola moja iliyokuwa naira 470 hivi ikavuka 600 kwa siku moja. Chukulia mwandaaji alilipa ukumbi naira 300,000 siku chache kabla. Ukimkokotolea kwa bei ya siku aliyolipa, anadai dola 638. Akizibadilisha baada ya mshuko anapata zaidi ya naira 380,000. Sarafu ikipanda badala ya kushuka, yeye ndiye anayepunjika. Kwa maoni yangu suluhisho ni moja: arudishiwe naira 300,000 zile zile alizotoa, na shirika ndilo libebe kupanda na kushuka kwa bei. Kama alitumia kadi ya sarafu ya kigeni, basi ifuatwe taarifa ya kadi, maana ndiyo inayoonyesha alichokatwa.

"Kusubiri kidogo hakuumizi."

Huu ndio upotofu mzito kuliko yote, ingawa unasemwa kwa upole. Miezi miwili ya kusubiri ni mkopo usio na riba kwa shirika, na mara nyingine wenye riba kwa aliyetumia kadi. Tena unachuja watu kimyakimya: wanaoandaa matukio wanabaki kuwa wale wenye akiba. Ukumbi na vifaa vikubwa vilipwe na shirika moja kwa moja, kwa ankara yenye jina lake. Kwa mambo madogo mwandaaji apewe masurufu, yaani pesa za kutumia na kuzitolea hesabu, kabla ya tukio, na kabla ya kupewa mengine alete marejesho: risiti pamoja na salio, jumla ikilingana na alichochukua.